Umehesabu Kutoka Wapi?

Anayenunua kiwanja huisoma ramani ya upimaji kwa pupa. Macho yanakimbilia jina la mtaa, namba ya kiwanja, ukubwa kwa mita za mraba, na kama barabara inafika. Pembeni kuna jedwali la tarakimu ndefu ambalo karibu hakuna anayelisoma: kila bikoni, ile alama ya pembe ya kiwanja, na jozi yake ya namba, moja ya kwenda mashariki, nyingine ya kwenda kaskazini. Hayo ndiyo majiranukta, au kodineti kama wapimaji wenyewe wanavyosema. Mnunuzi hayaulizii, dalali ndiyo kabisa. Kwangu mimi jedwali lile ndilo lenye utamu kuliko yote yaliyomo katika karatasi hiyo, na nikipewa ramani ya mtu huanza nalo.

Chukua bikoni moja ya katikati ya Dar es Salaam. Namba yake ya mashariki itakuwa kama mita 530,000, na ya kaskazini kama mita 9,248,000. Zinaonekana hazina kichwa wala miguu, lakini kila tarakimu ina sababu. Wapimaji wameigawa dunia katika kanda 60, kila kanda upana wa nyuzi 6. Dar es Salaam imo kanda ya 37, ambayo mstari wake wa kati ni longitudo ya nyuzi 39 mashariki. Mstari huo haukupewa sifuri, umepewa 500,000, ili aliye magharibi yake asiandikiwe namba hasi. Ikweta nayo, kwa sisi wa kusini, imepewa 10,000,000, na hesabu inapungua kadiri unavyoshuka. Fanya utoaji: bikoni ile iko kilomita 30 mashariki ya mstari wa kati na kilomita 752 kusini ya Ikweta. Mtu wa Mwanza yumo kanda ya 36, wa Kigoma ya 35, na kila mmoja anahesabiwa kutoka mstari mwingine. Pale Nanyuki, Kenya, ambako watalii hupiga picha kwenye kibao cha Ikweta, mstari huohuo una thamani mbili: sifuri kwa anayeelekea kaskazini, milioni kumi kwa anayeelekea kusini. (Pale pale utaonyeshwa maji ya beseni yanayozunguka kushoto upande huu na kulia upande ule. Lipia mchezo ukipenda. Mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuamrisha maji ya beseni. Mkono wa anayeyamimina unayo.)

Katika namba hizo mna pia kosa lililotiwa kwa makusudi. Uso wa duara hautandazwi kwenye karatasi bila kuvutika mahali fulani. Walioubuni mfumo huu walichagua kuusambaza mvutiko: kwenye mstari wa kati kila umbali umezidishwa kwa 0.9996, ili kingo za kanda zisitanuke mno. Kwa hiyo mita elfu moja ulizotembea mjini Dar es Salaam, kwenye ramani ni pungufu kwa karibu sentimita 40. Hakuna aliyeibiwa. Mpimaji anajua kosa liko wapi na ni kubwa kiasi gani, na akitaka analirudisha. Ufundi wa kuweka kosa mahali pa wazi, penye kipimo, ni adimu kuliko ufundi wa kudai huna kosa.

Latitudo tumepewa na mbingu, longitudo tumepatana wenyewe. Dunia inazunguka, kwa hiyo ina ncha mbili, na kati ya ncha hizo Ikweta imejichora yenyewe. Manahodha wa Bahari ya Hindi walilijua hilo vizuri. Chombo chao kiliitwa kamal: kibao kidogo cha mstatili chenye uzi uliopigwa mafundo. Nahodha alibana fundo kwa meno, akanyoosha uzi, akaweka ukingo wa chini wa kibao kwenye upeo wa bahari na ukingo wa juu kwenye nyota. Kipimo kilikuwa kidole, isba kwa Kiarabu, ambacho ni takriban nyuzi 1 na dakika 36. Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar iliyo leo Ras al-Khaimah, aliyaandika maarifa hayo mwishoni mwa karne ya 15, na miongoni mwa tungo zake umo utenzi wa njia ya Sofala, yaani njia inayopita mwambao wetu.

Na mwambao wetu ulimrahisishia nahodha kazi, kwa kuwa umenyooka karibu kaskazini-kusini. Mogadishu iko nyuzi 2 kaskazini, Lamu nyuzi 2 na kitu kusini, Mombasa 4, Unguja 6, Kilwa karibu 9. Ukijua urefu wa nyota umeijua bandari. Tatizo ni kwamba ukishuka kusini Nyota ya Kaskazini inakuzamia, kwa hiyo mabaharia wa huku walizitumia Farkadani, zile nyota mbili zinazoizunguka, na kundi la Na'sh, ambazo hupanda juu zaidi. Kipimo cha kidole kina uvivu wake. Kosa la robo ya kidole ni kilomita zaidi ya 40, lakini kwa mtu anayetafuta bandari na ambaye karibu na pwani atasaidiwa na rangi ya maji na ndege, kilitosha.

Nikiwa kwenye longitudo hizohizo, liko jambo la ramani ambalo watu wa pwani wanaliishi mara tano kwa siku. Makka iko nyuzi 39 na dakika 49 mashariki. Mombasa ni 39 na dakika 40, Kilwa 39 na 30, Dar es Salaam 39 na 17, Mji Mkongwe 39 na 12. Tofauti ni ndogo mno. Mwislamu wa miji hiyo akielekea kibla anaelekea kaskazini, nusura pasiwe na cha kusahihisha; wa Lamu anasogea kidogo sana upande wa kushoto. Lakini mfanyabiashara aliyetoka Bagamoyo kwa msafara akafika Ujiji hakuweza kuichukua kibla ya kwao mzima-mzima. Kule ilimpasa ageuke kulia nyuzi kama 20. Na jamaa yake aliyebaki Maskati alikuwa akitazama karibu magharibi kabisa. Watu wa ukoo mmoja, wakielekea nyumba moja, kila mmoja na upande wake wa dunia, na wote wako sawa.

Longitudo ina tabia nyingine. Hakuna nyota inayokuambia uko mashariki kiasi gani, kwa sababu nyota zote zinahama pamoja. Kinachokuambia ni saa. Dunia inageuka nyuzi 15 kwa saa. Ukijua ni saa ngapi hapo ulipo na ni saa ngapi wakati huohuo pale unapohesabia, tofauti ndiyo longitudo yako. Kwenye Ikweta, saa iliyokosea kwa sekunde moja inakuhamisha mita 464 hivi. Setilaiti hazikuiacha kanuni hiyo. Simu inayokuonyesha kinukta cha buluu inapima mawimbi yamechukua muda gani kufika, na saa za atomi zilizomo huko juu zinachungwa kwa nanosekunde, kwa kuwa nanosekunde moja ni sentimita 30.

Lakini sifuri iwe wapi? Hapo mbingu hazina jibu, ikabidi watu wapige kura. Oktoba 1884 wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington. 22 wakaikubali Greenwich, San Domingo ikakataa, Ufaransa na Brazili zikajizuia. Kutoka Afrika kusini ya Sahara ilikuwako Liberia peke yake. Mstari wenyewe ulipita katikati ya darubini ya George Airy, iliyoanza kazi 1851. Leo ukisimama Greenwich juu ya mstari wa chuma ambao wageni wanautanulia miguu, simu yako haitasoma sifuri. Itasoma sifuri ukishatembea mita 102 kuelekea mashariki, kwenye majani ya bustani.

Sababu ya mita hizo 102 ndiyo iliyonifanya niipende kazi hii. Airy hakukosea. Darubini yake ilinyooshwa kwa kufuata uvutano wa mahali pale, jinsi fundi mwashi anavyofuata timazi. Timazi haielekei kitovu cha dunia. Inaelekea inakovutwa, na inavutwa na kila kitu: mlima ulio kando, mwamba mzito ulio chini, uzani wa bonde uliokosekana. Setilaiti zenyewe zinazunguka kitovu cha uzito wa dunia nzima, hazijali mwamba wa Greenwich. Basi vipimo viwili vilivyofanywa kwa uaminifu vikatofautiana kwa urefu wa uwanja wa mpira. Ukipima chini ya mlima kama Kilimanjaro timazi yako inainama kidogo kuufuata. Huioni kwa jicho, ila katika hesabu imo.

Niliwahi kukaa na mpima ardhi pembezoni mwa mji, mahali ambapo mashamba ya mihogo yanageuzwa viwanja. Alikuwa akitafuta bikoni ya zamani ili aanzie hapo. Vijana wake walifyeka kwa panga, wakakwangua udongo kwa jembe, mpaka ikatokea zege yenye nondo katikati na namba iliyochorwa kabla haijakauka. Alifurahi mno kuiona. Akafungua stendi ya miguu mitatu, akaikanyagia ardhini, akaweka tiodolaiti, kisha akaning'iniza timazi ingawa chombo kilikuwa na kioo chake cha kuonea nukta ya chini. "Kioo kinaweza kuwa kimeguswa safarini," alisema. "Hii haina cha kuguswa." Alizungusha skrubu za chini mpaka kiputo cha pima maji kikatulia katikati, akageuza chombo upande wa pili, kiputo kikasogea, akaanza upya.

Kisha akapima pembe. Alilenga, akasoma, akaita tarakimu, kijana akaandika na kuzirudia kwa sauti. Halafu akapindua darubini juu chini, akageuza chombo nusu mduara, akalenga palepale na kusoma tena. Usomaji wa kwanza huitwa uso wa kushoto, wa pili uso wa kulia. Chombo chochote kina kilema: mhimili haujanyooka sawasawa, duara halijakaa katikati. Ukikisoma kwa nyuso zote mbili na kuchukua wastani, sehemu kubwa ya vilema hivyo hufutana. Yaani kazi inaanza kwa kudhani kwamba chombo kinadanganya, na inamaliza kwa kukilazimisha kidanganye mara mbili, kila mara kinyume. Sijui kazi nyingine yenye tabia nzuri kama hiyo.

Bikoni ya mihogoni haikujua yenyewe iko wapi. Ilipimwa kutoka bikoni nyingine, nayo kutoka nyingine, mpaka nguzo ya juu ya kilima, na nguzo hiyo kutoka kilima kingine. Ukiufuata ukoo huo katika Tanzania, Kenya au Uganda, utafikishwa kwenye Tao la Meridiani ya 30. Mwanaastronomia David Gill, aliyefika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1879, alitaka mnyororo wa pembetatu upande Afrika nzima hadi Misri, ukifuata longitudo ya nyuzi 30 mashariki. Kipande cha Tanganyika kilipimwa miaka ya mwanzo ya 1930 chini ya Martin Hotine. Pengo la mwisho, katika Sudan, lilizibwa 1954. Gill alikuwa amekufa miaka 40 nyuma yake.

Njia yenyewe ilikuwa hii: pima umbali mmoja chini kwa uangalifu wote, halafu panda vileleni na upime pembe tu. Usiku walilenga taa, mchana walilenga vioo vilivyorusha jua kutoka kilele cha mbali. Shuleni tuliambiwa pembe tatu za pembetatu hujumlika nyuzi 180. Za pembetatu hizi huzidi, kwa sababu zimelala juu ya uso uliopinda: sekunde moja ya pembe kwa kila kilomita za mraba 200 hivi. Mpimaji aliyeona ziada hiyo hakufuta daftari, aliitarajia. Katika ripoti unaona majina ya maofisa. Wapagazi waliopandisha tiodolaiti, mahema na maji ya kunywa hadi vileleni ni nadra kutajwa, ingawa bila mabega yao hakuna pembe ambayo ingesomwa.

Kutokana na kazi hiyo nchi zetu tatu zilipata datamu moja, yaani msingi wa kuhesabia namba hizi, iitwayo Arc 1960, iliyokokotolewa juu ya umbo la dunia alilolikadiria Mwingereza Alexander Ross Clarke mwaka 1880. Umbo lake halina ubaya: nusu kipenyo chake kwenye Ikweta ni mita 6,378,249, na la setilaiti, WGS 84, ni mita 6,378,137. Kasoro ni kwamba lilipachikwa kwa kufuata timazi za Afrika, kwa hiyo kitovu chake kimekaa zaidi ya mita 300 kando ya kitovu cha dunia. Hapo ndipo penye vurugu la siku hizi. Mtu anachukua namba kutoka ramani yake ya miaka ya themanini, anaziingiza kwenye simu, na shamba lake linatokea kwa jirani wa tatu, mita kama 300 kaskazini. Anapiga kelele kwamba ametapeliwa. Namba ni sahihi na simu ni sahihi. Kutaja majiranukta bila kutaja datamu ni kama kutaja bei ya shilingi elfu bila kusema ya Kenya, ya Uganda au ya Tanzania.

Wanasiasa wamewahi kuzitumia namba hizi bila adabu yoyote ya mpimaji. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa Julai 1, 1890 ulipitisha mpaka kwenye latitudo ya nyuzi 1 kusini, kuvuka Ziwa Victoria na kuendelea nchi kavu upande wa magharibi. Mto Kagera haukuulizwa, wala waliokuwa wakiishi kandokando yake. Kwa hiyo kati ya mto na mstari kikabaki kipande cha Tanganyika kilichokaa ng'ambo ya mto. Mwaka 1978 Idi Amin alikivamia na kutangaza kwamba mpaka sasa ni mto. Daraja la Kyaka likalipuliwa, na vita iliyofuata ikaiangusha Kampala Aprili 1979. Upande wa magharibi zaidi, longitudo ya nyuzi 30, ileile ya Gill, ilitajwa kuwa mpaka wa Dola Huru ya Kongo wakati ambapo ramani zilikuwa hazijui sawasawa inapita wapi. Ilipopimwa vizuri, milima ya Mfumbiro ikawa na wadai watatu, Uingereza, Ujerumani na Ubelgiji, mpaka wakapatana mwaka 1910. Wazee wa Kisoro, Rutshuru na Ruhengeri walirithi nchi tatu.

Wapimaji wenyewe wana kanuni ya kale inayoziweka namba mahali pake: bikoni iliyokutwa haijang'olewa hushinda tarakimu. Ikiwa karatasi inasema pembe ya kiwanja iko hapa, na zege ya asili imekaa nusu mita pembeni, mahali pake halali, basi zege ndiyo mpaka na karatasi ndiyo ya kusahihishwa. Watu walijenga, walipanda miembe na kuzikana kwa kuifuata zege. Wanaodhani setilaiti imemaliza kazi ya mpima ardhi hawajawahi kumwona akibishana na wazee wa mtaa juu ya jiwe lililosogezwa usiku.

Sasa limeongezeka swali ambalo Gill hakuwa nalo. Ardhi yenyewe inasafiri. Afrika ya Mashariki inasogea kuelekea kaskazini-mashariki sentimita mbili hadi tatu hivi kwa mwaka, na pande mbili za Bonde la Ufa zinaachana milimita chache kila mwaka. Kwa kamal hilo si kitu. Kwa kipokezi cha setilaiti kinachosoma sentimita, miaka kumi inatosha kulitia mashaka jedwali zima. Ndiyo maana mifumo mipya hubeba mwaka ndani ya jina. Tanzania ina TAREF11, ya mwaka 2011, na mradi wa AFREF unajaribu kuziunganisha nchi zote za bara hili katika hesabu moja.

Ramani za viwanja zilizopimwa kwa Arc 1960, hata hivyo, zingali makabatini, zikiwa na mihuri na sahihi zake. Kuzihamishia kwenye mfumo mpya hakuishii kwenye kuongeza tarakimu mbili kwenye kompyuta, kwa sababu ule mnyororo wa pembetatu ulivutika huku na kukunjamana kule, na kila wilaya ina tofauti yake. Lazima mtu aende, afyeke, aikute bikoni ya zamani, aweke kipokezi juu yake, asubiri, kisha aseme hapa tofauti ni kiasi gani. Halafu aende kwenye nyingine. Bikoni nyingi zimeshachimbwa na wanaotafuta chuma chakavu.